Sakafu Mbili za Lori la Dundori

Nakuru,
Jumapili mchana

Mama Jotham, mke wangu,

Nakusalimu sana wewe na watoto, na Mama yangu hapo kwenye nyumba yake. Mgongo wake umepata nafuu tangu mvua zianze? Jotham bado anakohoa? Na mahindi ya upande wa mtoni mlipalilia mara ya pili au magugu yamewashinda? Mimi nipo. Nina kidonda kwenye paji la uso kilichoshonwa nyuzi, na mbavu za kushoto zinaniuma nikivuta pumzi. Sikuanguka wala sikulewa. Nitakueleza yote kwa mpango, na naomba uisome barua hii mwenyewe kwanza kabla ya kumsomea mtu.

Sikuipeleka posta kwa sababu barua zinafunguliwa. Nampa jirani yetu Andrea, anayetia makaa kwenye treni ya mizigo, akuletee mkononi.

Hapa Nakuru mambo yameharibika kuliko mnavyosikia huko. Wakikuyu wanazolewa mchana kweupe, wanaume kwa wanawake, wanaketishwa uwanjani mikono ikiwa kichwani. Kisha mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho anapita mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Huko juu Dundori watu wa msituni walimkata mapanga mlinzi wa ghala la pareto, hata mkewe akamtambua kwa viatu tu. Kesho yake nyumba za wafanyakazi wa shamba lile zikachomwa zote, na wazee wakapigwa viboko mbele ya wakwe zao. Sisi watu wa Bunyore wanatuacha tupite, lakini kila mtu anatembea ameinamisha macho.

Sasa nikueleze habari ya Mwangi. Nilishakuandikia juu yake. Ndiye dereva wa lori la viazi la mzungu mmoja wa Dundori ambaye sisi tunamwita Miwani, na ndiye aliyenipeleka hospitali nilipougua malaria na watu ninaopanga nao hapa wakaogopa kunigusa. Wakikuyu wengine wa shamba la Miwani walipofukuzwa, yeye alimbakiza Mwangi. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa akasema huyu ni mtu wangu, mimi ndiye shahidi wake.

Unajua kazi yangu kwa Kalasinga mwenye gereji ni kutengeneza bodi za malori, na unajua yale magari madogo ninayoyaunda siku za mapumziko. Miwani aliliona moja kwenye dirisha la gereji akalipenda. Akataka nimtengenezee lori lake mwenyewe, dogo, la kuweka juu ya meza yake kwenye maonyesho ya wakulima, likiwa limebeba viazi vidogo kweli kweli. Kalasinga akakubali, akanipa ruhusa nilifanye saa za kazi.

Mama Jotham, sijawahi kufanya kazi kama ile. Kila futi moja ya lori niliifanya inchi moja. Boneti na madigadi nilikata kwa bati la debe la mafuta ya taa. Matairi nilichonga kwa mpira wa tairi kuukuu, nikayatia meno kwa kisu. Wavu wa mbele ni wa kichujio cha chai. Usukani ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanageuka, na mlango wa nyuma unashuka kwa minyororo miwili. Hata pale Mwangi alipogonga jiwe upande wa kushoto nilipabonyeza kwa nyundo ndogo, kisha nikapaka rangi ileile ya kijani iliyobaki tulipolipaka lenyewe.

Mwangi aliniachia lori nilipime, akakaa pembeni na chai yake na mkate. Nilipomaliza kupima nikamwambia, "Fundi aliyekuwekea bodi hii alikuwa anasinzia. Ndani ni fupi kuliko nje kwa inchi sita. Sakafu imeinuka."

Akaacha kutafuna. "Mbao za chini zilioza, wakapigilia nyingine juu."

"Hizi za juu zimeinuliwa kwa vipande vya mbao. Kuna nafasi katikati."

"Elisha, kwenye hilo gari lako weka sakafu moja tu. Nani ataangalia chini ya viazi?"

"Mimi nitaangalia."

"Weka moja, ndugu yangu. Nakuomba."

Mwangi hakuwa mtu wa kuomba, na hilo pekee lingetosha kunifungua macho. Lakini nilicheka. Nilijiambia gari dogo likikosea kwa unene wa kidole limekuwa kitu cha kuchezea watoto, na mimi si mtu wa vitu hivyo. Nikaweka sakafu mbili. Nikakata mbao za juu moja moja, kama zilivyo, kila moja na misumari yake.

Siku ya kulikabidhi ilikuwa Jumanne, saa tano za asubuhi. Mwangi alikuwa ameleta lori kubwa gereji litengenezwe springi, limesimama nje, na yeye ameketi kivulini kando yake. Miwani akaja na ofisa mmoja kijana, mwenye nywele nyekundu, kaki na bastola, na askari wanne nyuma yao. Miwani alifurahi kama mtoto. Alizungusha usukani, akafungua milango, akapapasa ule mbonyeo akacheka. Yule ofisa hakucheka. Alishusha mlango wa nyuma, akatia kidole gumba ndani, akasukuma. Ubao mmoja ukateleza.

"Hii kwa nini iko mbili?" akaniuliza.

"Ndivyo lilivyo lori lenyewe, bwana," nikamjibu. "Nimepima mwenyewe."

Nililisema kwa furaha. Nataka ujue hivyo, sitaki nikufiche. Nilikuwa nasubiri mtu aione kazi yangu, na huyo ndiye aliyeiona.

Kalasinga alielewa kabla yangu. "Elisha, wewe nyamaza," akasema chini chini, lakini nilikuwa nimeshasema.

Walitoka nje. Mwangi aliwaona wakija na gari dogo mkononi, akasimama. Hakukimbia, maana askari wawili walikuwa wameshamzunguka. Ofisa akanipa mtaimbo mimi. Akasema, "Wewe napima, wewe fungua." Nikapanda kwenye lori. Ubao wa kwanza ulitoka kwa shida, wa pili ukaja wenyewe. Chini yake kulikuwa na unga, bandeji, chupa za dawa, na soksi iliyofungwa fundo. Waliifungua ile soksi wakamwaga risasi juu ya fuawe.

Miwani ndiye aliyempiga kwanza. Alichukua hendeli ya kuwashia lori akampiga nayo gotini, na nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Mwangi akaanguka. Miwani akampiga tena palepale. "Mimi nasema kwa wakubwa wote Mwangi mzuri," alikuwa akisema, machozi yanamtoka chini ya miwani. "Mimi nasema. Mimi nasema." Kila alipolisema neno hilo alipiga. Kisha askari wakaingia kwa mateke na vitako vya bunduki. Damu yake ilichanganyika na mafuta ya gari pale chini mpaka huwezi kujua ipi ni ipi. Taya lilihama likaenda upande mmoja. Sisi mafundi tulisimamishwa kwa mstari tutazame, na aliyegeuza uso alipigwa kofi.

Kisha zamu yangu ikafika. Askari mmoja alinipiga kitako cha bunduki mbavuni, nikapiga magoti. Ofisa akaweka bastola nyuma ya sikio langu, akamwuliza Mwangi, "Na huyu najua?"

Nilimwona Mwangi akijaribu kuinua kichwa. Ilimchukua muda kupata maneno, na yalitoka pamoja na meno.

"Huyo?" akasema. "Huyo ni mpumbavu wa kuchezea mikebe. Angejua, angewatengenezea sakafu mbili?"

Ofisa alifikiri kidogo. Akaondoa bastola. Mwangi hakunitazama tena. Walimtupa ndani ya lori lake mwenyewe kama gunia, wakasema anakwenda kuwaonyesha mahali anaposhushia mizigo, huko msitu unapoanza.

Alirudishwa kesho yake asubuhi. Walisema alijaribu kukimbia. Mtu mwenye goti lile, Mama Jotham. Walilisimamisha lori karibu na soko, mlango wa nyuma umeshushwa, wakamlaza pale kila mtu apite aone, na waliokataa kutazama waliambiwa watafuatana naye. Alikuwa na tundu moja kifuani na jingine shingoni. Nilipita. Nilitazama, kwa sababu niliona ni deni langu kutazama.

Siku ya Ijumaa nilisikia wake na watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya Dundori wamekusanywa karibu na stesheni kupelekwa kwao Kikuyuni. Nikaenda kumtafuta Wanjiru, mke wa Mwangi. Nilimkuta ameketi juu ya sufuria zake, mtoto wa mwisho mgongoni, wengine wawili wamemshika nguo. Aliponiona aliinuka, akanishika mkono, akaniuliza, "Elisha, ulikuwepo? Ni nani aliyemsema?"

Ningeweza kumwambia sijui. Hakuna mtu angenipinga. Nikamwambia, "Ni mimi. Si kwa kinywa tu. Ni lile gari nililotengeneza."

Nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Alikuambia uweke sakafu moja?"

"Aliniambia."

"Ulimsikia vizuri?"

"Nilimsikia."

Aliinama akaokota jiwe la reli, akanipiga nalo usoni. Niliona mkono ukija, nikauacha uje. Damu iliniziba macho. Alinipiga mara ya pili begani, na angenipiga ya tatu, lakini askari alimvuta kwa kitambaa cha kichwani akamsukuma kwenye foleni, na yule mtoto mgongoni akalia. Nilipopangusa macho walikuwa wameshapandishwa. Sikumwona tena. Mwuguzi aliyenishona aliniuliza ni nani kanipiga, nikamwambia nimejigonga na mlango wa lori.

Basi ungedhani mambo yameishia hapo. Jana Jumamosi yule ofisa alirudi gereji na gari langu dogo kwapani. Aliliweka mezani taratibu, kama mtu anayelithamini. Akamwambia Kalasinga kwamba mimi nina macho mazuri, na kwamba kuanzia Ijumaa ijayo nitakaa kwenye kizuizi cha barabara ya Dundori na kamba yangu ya kupimia. Kila lori litakalopita nitalipima ndani na nje. Na nitawatengenezea askari malori madogo ya kujifunzia, yenye kila mahali panapoweza kufichwa kitu: chini ya kiti, ndani ya tangi, nyuma ya taa. Kalasinga alisema, "Sahib, huyu fundi yangu, kazi iko nyingi." Ofisa alinitazama mimi.

"Wewe nakubali?"

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nililisema kwa woga, na safari hii nilijua ninachosema. Tangu hapo nimekuwa nikiwaona madereva wote ninaowafahamu, mmoja mmoja, wamelala pale karibu na soko.

Kwa hiyo nisikilize, mke wangu. Nataka unitumie telegramu. Mwende na kaka yako Mwalimu mpaka posta ya Kisumu, iandikwe kwa Kizungu kwamba Mama amefariki, nije nizike. Nikiwa na karatasi hiyo mkononi Kalasinga ataniachia. Ameshanidokeza hivyo mwenyewe. Na wanaokagua watu stesheni wataniacha nipande. Ikitoka Jumatano itanikuta kabla ya Ijumaa.

Najua ni jambo baya kumwomba mzazi aliye hai. Usilifanye bila yeye kujua. Ukishaisoma barua hii, ingia kwake ufunge mlango, umsomee yote. Usiruke pale nilipomjibu yule ofisa kwa furaha, wala pale nilipocheka. Akiisikia yote na bado akataka nije, atume. Akikataa kuitwa maiti kwa ajili ya mtu kama mimi, sitamlaumu. Nitatoka kwa miguu Alhamisi kwa upande wa Molo, na atakayenikamata njiani atanikamata.

Nisalimie kaka yako Mwalimu, na umwombe asiandike maneno mengi kwenye hiyo karatasi. Nisalimie shangazi yangu anayekaa karibu na kisima, na mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa, bila kumwambia kitu. Mpakate Jotham na mdogo wake kwa niaba yangu.

Nimekaa hapa na kalamu nikitafuta namna ya kujitetea kwako, na sikuipata. Mwangi aliniomba mara mbili, na mara zote mbili nilimsikia.

Mimi mumeo,
Elisha