Nitie Saini Dhidi ya Mama Aliyeuzima Msumeno?

Bi Gunvor mpendwa, naomba unisaidie, na usinicheke mwandiko, maana naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji na vidole viwili havipo tena, na nisingekuwa nimekwama kabisa nisingekuandikia, mimi si mtu wa kuombaomba, nina miaka arobaini na mitatu, niko kiwanda cha mbao hapa Holmvik tangu nina kumi na saba, nyumba yangu nimeipiga misumari mwenyewe, na chama cha wafanyakazi nilijitoa miaka mitatu iliyopita nikatangaza kwenye gazeti lenu hilihili kwamba sioni kwa nini nikatwe ada ili watu wakae mikutanoni wakinywa kahawa.

Mwakilishi wa usalama kwetu ni mwanamke, Ingegerd Näslund, anapanga mbao zamu moja na mimi, chama ndicho kilichomchagua, na mimi nilikuwa namwita Yaya kwa jinsi anavyotuhangaikia, wenzangu wanacheka, yeye anaendelea kuandika kwenye kidaftari chake, sasa Jumanne moja mwezi wa pili akaona kinga ya chuma ya msumeno wangu imelegea, akauzima, akatundika kibao chekundu, akasema hauguswi mpaka fundi aje, na sheria inamruhusu. Meneja wetu, Borgström, akaja akaangalia, hakuamuru kitu, alisema tu kwamba zamani Holmvik ilikuwa na wanaume, akabaki amesimama pale. Basi nikakitoa kile kibao. Ingegerd akanishika mkono akasema, “Jirani, mbao zitakuwepo na kesho. Vidole je?”

Nikamjibu, “Nenda kabembeleze watoto, Yaya.”

Nikauwasha msumeno, na hata robo saa haikupita. Yeye ndiye aliyenifunga kwa skafu yake mwenyewe, akaniinua mkono juu njia nzima hadi hospitali, mimi nalia, na hakusema “nilikwambia,” hata mara moja.

Sasa niko nyumbani, mshahara wa ugonjwa unaingia, muuguzi anakuja kunibadilisha bendeji, mtoto wa mwisho yuko kituo cha watoto na mke wangu Solveig yuko kazini, nikawa nasema moyoni serikali yetu ina huruma kweli. Wiki iliyopita akaja Borgström na keki ya kijani ya sherehe na karatasi, imeandikwa kwamba kinga ilikuwa imara, mimi niliteleza kwa uzembe wangu, na yule mama aliuzima msumeno kwa chuki tu. Nikamuuliza, na bima ya kuumia kazini je? Akaniambia, “Hiyo italipa vyovyote vile, haiulizi kosa ni la nani. Wewe hupotezi kitu.” Tena akadokeza kwamba usimamizi wa yadi ya kukaushia mbao uko wazi.

Solveig ameisoma ile karatasi, amehamia chumba cha watoto, akitaka chumvi anamtuma mtoto kuniomba. Ingegerd hajaja kuniuliza lolote, ameniletea tu glavu ya sufu aliyoifuma mwenyewe, ina vidole vitatu, siwezi kuivaa na siwezi kuitupa. Karatasi inatakiwa Ijumaa. Nifanyeje?

Aliyejijenga Mwenyewe


Ndugu Uliyejijenga Mwenyewe,

Pole kwa vidole. Hiyo ndiyo pole yako yote kwa leo, itunze. Majina nimeyabadilisha yote, la mji pia, ila anayejua kuhesabu hadi nane atakutambua tu.

Kwa hiyo serikali ina huruma. Waziri fulani aliamka asubuhi akapasua yai lake, akakukumbuka wewe wa Holmvik, akasema kijana yule akija kujikata, apelekewe muuguzi. Na ile nyumba uliyoipiga misumari mwenyewe, hizo jioni na Jumamosi za kuipigia zilidondoka na theluji? Mwajiri aliona umechoka akakupa?

Nikwambie habari ya baba yangu. Mwaka wa ishirini na tisa, kiwanda kama chako, msumeno ukachukua mkono wote. Meneja alikuja, wakati ule wanaleta mfuko wa unga, na baada ya wiki mbili akaomba radhi sana kwamba nyumba ni ya kampuni na anayo familia nyingine inayoisubiri. Mama akaenda na watoto wanne ofisi ya masikini ya wilaya. Wazee watatu wakamuuliza, kama ana shida kweli, mapazia ya nini? Akarudi akayauza, akaenda tena. Wenzake baba wakagoma majuma kumi na moja, si kwa mkono wake, ule ulishakwenda, bali kwa mkono wa atakayefuata. Wakashindwa. Wakagoma tena, wakashindwa tena. Katikati wakaanza kuchangishana ndani ya kopo la biskuti, aliyeumia anapata chochote bila kuulizwa mapazia. Baadaye wakapeleka mmoja wao bungeni, na wengine kama wao kila kona ya nchi, na baada ya miaka mingi lile kopo likawa sheria.

Haiulizi kosa ni la nani. Borgström amekukariria sentensi hiyo kama ameitunga yeye. Watu walipigania maneno hayo dhidi ya mameneja kama yeye, leo anayatumia kukununua, na wewe unaniuliza mimi kama bei ni nzuri. Hupotezi kitu, ni kweli. Atakayepoteza ni kijana wa mashine ya jirani, maana ukimwondoa mama huyo, nani tena atathubutu kuzima chochote? Na wewe utakuwa yadini, msimamizi, hongera.

Huo woga wako naujua, mwanangu. Humwogopi Borgström. Unaogopa kuingia kantini na kusema nilikosea mbele ya watu uliowachekesha. Watakucheka siku mbili. Utaishi.

Sasa sikiliza. Karatasi yake usiitie saini wala usiirudishe, itunze, ni ushahidi. Andika yako: kinga ililegea, kibao kilitundikwa, mimi nilikitoa, meneja alikuwepo akitazama. Usijitetee. Nakala moja ni ya ofisi ya ukaguzi wa kazi, nyingine mpelekee Ingegerd nyumbani kwake, na ukifika usianze kulia ili akubembeleze, ameshakubembeleza ya kutosha. Mpe, msalimie, ondoka. Chamani rudi, lipa ada kama wenzako, na mikutanoni uende. Solveig mwonyeshe ulichoandika kabla hujakitia kwenye bahasha. Kisha tuandikie na sisi. Nimeshamwomba mhariri nafasi ileile aliyokupa ulipotangaza kujitoa chamani, herufi zilezile.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ijumaa ofisi ya ukaguzi inafunguliwa saa mbili asubuhi, na kwenye foleni hakuna cha msimamizi. Ukichelewa, usiniandikie tena.

Bi Gunvor