Niliyoyasema Barazani Kuhusu Mwanao

Chumbani, juu ya duka la dobi,
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe na magoti yako? Shemeji je, bado anakoroma hadi majirani wanafikiria kuhama? Mimi mzima, ila jino la mwisho limeniaga. Mkate sasa nauzamisha kwenye chai kama mtoto.

Basi pokea habari: nimemtoa mwanao! Nilisimama mbele ya baraza linalopitia upya kufutwa kwa viza yake, nikaongea hadi wakili akalia na mwenyekiti akaomba maji.

Haya, uongo. Bado yuko kizuizini. Tena nusura nimzamishe mimi.

Sheria ya huku, mgeni akifungwa kifungo kirefu, viza inafutwa, akimaliza anarudishwa kwao. Mwanao, Kibiriti wetu, unakumbuka, alimvunja taya msimamizi wake kiwandani. Baraza hili tu ndilo linaloweza kumwacha abaki na binti yake, aliyezaliwa huku na hajui kwingine.

Nilipoitwa kutoa ushahidi nikafanya kama tulivyolelewa, kumsitiri ndugu mbele ya wageni. Mwenyekiti, mama wa miwani, akauliza kama najua mpwa wangu alifungwa kwa nini. Nikamjibu, "Fitina tu, mheshimiwa. Huyu hata nzi humwomba radhi kabla ya kumfukuza."

Nikajiona nimefunga bao. Kumbe wakili kashika kichwa! Kibiriti akainuka: "Mjomba, basi. Nilimpiga. Waambie unajua."

Mama wa miwani akanitazama. "Mzee, kama nyumbani hamjui alichofanya, nani atamzuia asirudie?"

Mdogo wangu, unanijua, sikosi jibu. Siku hiyo niliacha utani. Nikasema kweli: nilikwenda hospitali kumwona yule msimamizi, nikamkuta anakunywa uji kwa mrija. Kibiriti akiachiwa atakaa kwangu, na mishipa ikimsimama nitamzungusha mtaa mzima mpaka apoe. Kwa mwendo wangu, atapoa kwa kuchoka kunisubiri.

Mwenyekiti akacheka kidogo, akaandika. Kisha akauliza, "Na mama yake, anajua?" Nikakohoa mpaka nikaletewa kiti.

Wametupa hadi Ijumaa ijayo kupata maneno yako. Wakili atakupigia simu na mkalimani wake.

Msalimie shemeji, na shangazi mkubwa kama bado anakataa kuvaa miwani. Mungu akutie nguvu, na magoti ayakumbuke.

Sasa, una fadhila yangu. Siku ulipovunja redio ya baba, nilichapwa mimi, na wewe ukaendelea kula. Leo naidai. Najua majirani umewaambia mwanao yuko masomoni. Hao waache hivyo hivyo. Lakini wakili akipiga, usimtajie masomo. Sema kwa kinywa chako, "Mwanangu alimpiga mtu, akafungwa, na mimi najua." Ukishasema hivyo, lia upendavyo, simu analipa yeye.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Kaka yako