Malkia Hazai Tena

Nyumbani, kwenye geti la kijani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mume wangu mdogo,

U mzima? Mkeo mzima? Na yule kitukuu wangu ameshaota meno, au bado anang'ata watu kwa ufizi? Mimi ni mzima wa kusema tu. Magoti yananisumbua, mgongo umegoma kunyooka, lakini mdomo bado unafanya kazi, kama utakavyoona.

Ujumbe wako nimeusikia. Mjomba wako aliniwekea simu sikioni, nikakusikiliza mara mbili nikidhani simu imeharibika. Eti watu wa manispaa wakija kukagua mabanda ya mbwa nimfiche Malkia, wakiondoka nimtafutie dume, kwa sababu mwenye duka la wanyama anasubiri watoto. Wewe uko huko ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Mbwa wako nalisha mimi, kinyesi nazoa mimi, amri unatoa wewe. Haya bwana.

Nilikutii. Nilimfungia chumbani kwangu.

Akaja afisa mifugo, binti mdogo mwenye mabuti ya mpira mpaka magotini. Alikagua mabanda, akanusa maji ya kunywa, akasema pasafi. Alitegemea nini? Akanieleza hiyo sheria yao mpya: maduka yasinunue mbwa wala paka ila kwa mfugaji mwenye leseni, watoto wasichukuliwe kabla ya kuacha kunyonya, na jike aliyezeeka asizalishwe tena, afungwe kizazi apumzike. Nikamwuliza tumbo la mbwa wangu linawahusu nini, na mtaro wa hapo nje umewashinda kuzibua.

Akacheka. Ndipo tukamsikia Malkia analia chumbani. Binti akaniangalia. Nikafungua, ningefanyaje?

Alikuwa chini ya kitanda. Amekusanya kandambili zangu zote, nzima na mbovu, amezikumbatia tumboni, anazilamba moja moja. Unajua kwa nini? Kila mgeni aingiaye hapa huondoka na mmoja wa watoto wa Malkia kwapani. Kasikia sauti ngeni, kaficha alichobaki nacho. Mdomo wote mvi, chuchu zinagusa sakafu.

"Bibi, huyu ana watoto?"

"Alikuwa nao. Wako dukani."

Niliona aibu, na aibu mimi sijaizoea, nikaigeuza ukali. "Mimi nilizaa saba," nikamwambia, "wa mwisho kichwa kikiwa na mvi. Nani aliniletea sheria?"

Akasema taratibu, "Na ingeletwa, bibi, ungeikataa?"

Mjukuu wangu, nilikaa kitandani. Hilo sijawahi kuulizwa na mtu, si babu yako, si mkunga. Nilichoka ghafla, uchovu wa zamani, ule ambao kulala hakuuondoi.

Sasa sikiliza, na usinipigie simu kubishana. Malkia hazai tena. Daktari wa mifugo anakuja Alhamisi kumfunga kizazi. Leseni watatupa kwa majike wetu wawili vijana, nao watazaa kwa kupumzika. Mwenye duka nimeshamwambia. Alinuna, nikamwambia akanunie nje ya geti. Na wewe ukiona watoto wanachelewa, njoo uzae mwenyewe.

Yule binti nimemwambia akipita tena aingie anywe chai, ingawa mabuti yake yalinichafulia sakafu yote.

Msalimie mkeo. Mwambie asikubali kuharakishwa mtoto wa pili. Hilo ni langu, si la manispaa. Mjomba wako anakusalimu, shangazi yako pia, ila bado amekununia kwa kutompigia. Mungu akulinde huko uliko, akuongezee akili.

Ukipata mtu anayekuja huku, mpe kandambili aniletee. Zangu nimemwachia Malkia, natembea peku.

Wako akupendaye hata akikukaripia,
Bibi.