Kochi Lote Lenu

Mwanangu na mkwe wangu,

Maharage yameiva, yako jikoni. Wajukuu wale kwanza. Mdogo ana kikohozi, asinywe maji baridi.

Asubuhi nimemwita yule fundi aliyewauzia king'amuzi cha chumbani kwangu. Miezi miwili natazama chenga, nanyi mnaniambia, "Vumilia Mama, mitambo inatengenezwa." Fundi kanionea haya. "Bibi, hiki ni cha dishi, na nyumba hii yote ina antena tu. Nilimwambia mwanao palepale dukani hakitaonyesha kitu. Akasema, 'Nipe hichohicho. Shida yangu atoke sebuleni, anatuharibia taarifa ya habari kwa vitendawili.'"

Haya, kitendawili. Ana mama hai, na amemfungia chumbani na sanduku bovu. Tegueni wenyewe, mna akili.

King'amuzi cha sebuleni nimekichukua, naenda nacho kwa dada yangu. Changu nimewaunganishia mahali pake. Fainali ya leo itazameni humo, mvumilie, mitambo inatengenezwa.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Msinisubiri Jumapili. Kochi lote lenu sasa, nyoosheni miguu.

Ni mimi,
Bibi wa watoto wenu