Mume Wangu Alininawisha Mikono Hotelini, Nikajifanya Simjui

Bi Fatu, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Ninaandika barua hii nikiwa ofisi ya walimu, watoto wako mapumzikoni, na kila nikisikia mtu mlangoni ninaifunika kwa daftari la mahudhurio, kwa maana jambo lililonipata sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu wa tumbo moja. Nisaidie, mama yangu, kabla halijanivunjia nyumba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Makwale, wilaya ya Kyela, nina umri wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, mkubwa ni Yunis wa darasa la saba. Majina yote nimeyabadilisha, na mume wangu nitamwita Israeli. Tangu anioe alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma pale mjini, kila asubuhi anapanda baiskeli, shati jeupe nimelipiga pasi mwenyewe, kalamu mbili mfukoni. Mwaka jana watu walipoanza kupunguzwa kazi kila mahali na maghala kukodishwa kwa wafanyabiashara, nilimwuliza, akanijibu, "Wametubakiza watu watatu wa kukabidhi mali, na mimi ni mmoja wao," nami nikamshukuru Mungu na, Bi Fatu, sitaficha, nikajivuna, kanisani nikasema, shuleni nikasema, waume wa wenzangu wamerudi kulima mpunga lakini wangu bado yuko ofisini.

Sasa mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, walimu wa shule za huku tulikuwa na sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja anayestaafu. Miaka yote tunapika wenyewe shuleni, safari hii wakasema hapana, siku hizi watu wanakula hotelini, twendeni Mbugani, pale mjini, kwenye ile mpya ya bwana Mudathiri, ambayo mji mzima unaizungumzia, ina mapazia, ina televisheni juu ya kabati, na chipsi zinakaangwa mbele ya macho yako. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukaa hotelini nikahudumiwa. Watu wa Makwale tukienda mjini tunanunua kitumbua sokoni, tunakula tumesimama, tunarudi. Siku hiyo nilivaa kitenge changu kipya, nikakaa na Nancy, mwalimu wa shule ya mjini, mzaliwa wa Karonga kule Malawi, mtu wa maneno mengi na kicheko, ambaye nilikuwa nimemsimulia sana habari za mume wangu lakini hajawahi kumwona, wala walimu wengine wa meza yetu hawakumjua kwa sura.

Mhudumu akatoka mlango wa jikoni na birika na beseni, taulo begani, akaanza kunawisha watu kutoka upande wa mgeni rasmi. Mimi nilikuwa ninaongea na Nancy, sikumtazama usoni, nilitazama viatu. Viatu vile nilivipaka rangi mwenyewe asubuhi ile.

Nikainua macho. Alikuwa Israeli.

Aliniona pia, kwa sababu birika liligonga ukingo wa beseni, mara moja tu, kisha akaendelea kumnawisha mtu aliyekuwa kabla yangu kana kwamba hakuna kitu. Na Nancy, Mungu amsamehe, saa hiyohiyo ndipo akaniuliza kwa sauti, "Eti mwalimu, shemeji hajambo? Bado yuko kule shirika?"

Nikasema, "Hajambo. Yuko kazini."

Naye Israeli ameshainama mbele yangu. Nikanyoosha mikono, akamimina maji, yalikuwa ya vuguvugu, nikasema, "Asante, kaka." Akajibu, "Karibu, mama," akapita kwa Nancy.

Ningeishia hapo labda ningejisamehe. Lakini chakula kilichelewa kidogo, na Israeli alipokuwa anapanga sahani polepole, mojamoja, Nancy akasema, "Huyu baba wa birika mbona mzito hivi? Nadhani jana tu ametoka kuswaga ng'ombe." Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka, Bi Fatu, na sauti ikatoka.

Jioni alirudi saa yake ya kila siku, akaegesha baiskeli, akaniambia, "Mama Yunis, leo ukaguzi umetuchosha." Nikasema pole. Akauliza, "Na nyinyi, sherehe yenu ilikwendaje?" Nikasema nzuri. "Mlikula nini?" Nikasema wali na samaki mbasa. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari mpya, na ni yeye aliyeniletea ile sahani! Nilibaki nimeshika mwiko, sijui nilie au nipige kelele.

Juma lililofuata nilitoroka shule nikaenda mpaka kwenye ghala lao. Nilikuta mbolea ya mtu binafsi, na mlinzi nisiyemfahamu, akaniambia, "Dada, hao walifunga tangu Oktoba, hakuna aliyebakizwa." Yaani miezi minane mume wangu ananiaga kwenda mahali ambapo hapapo!

Na ninayekuandikia leo nimebanwa zaidi, kwa sababu mdogo wangu Tusajigwe anaolewa mwezi huu kule Mwaya, na baba yetu, mzee Zebedayo, ambaye ni mzee wa kanisa na anapenda mambo yake yasemwe, amekwishaagiza chakula cha harusi kutoka hoteli hiyohiyo ya Mudathiri, watakuja na masufuria yao na wahudumu wao. Nilipomwambia Israeli, akasema, "Siku hiyo nitakuwa safari ya kikazi Mbeya." Baba naye amesikia, ameapa kwamba mkwe wake wa kwanza asipokaa meza ya wazee siku hiyo, basi asikanyage tena kwake. Kila mmoja kati yetu anajua kuwa mwenzake anajua, na hakuna anayesema. Je, nimwombe baba abadilishe hoteli? Nimshike Israeli uongo wake? Au ninyamaze apite na safari yake ya Mbeya? Nina hasira naye, nina haya mbele yake, na sijui nianze na lipi.

Wako, Mwalimu, Makwale.

BI FATU ANAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii haikuweza kungoja zamu yake. Nilipoifungua harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili, hivyo nilimjibu mwenyewe kwa posta siku ileile. Ninalichapa jibu hilo kwa ruhusa yake na ya mumewe.

Mwalimu, marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Pole. Kumkuta mwenzako mahali usipomtarajia, mbele ya watu, bila hata dakika ya kuvuta pumzi, ni jambo linaloweza kumfanya yeyote aseme upuuzi. Ile "yuko kazini" ninakusamehe kwa niaba ya wanawake wote. Tena ulisema kweli bila kutaka.

Kicheko sikusamehe.

Mumeo amekudanganya, na si kidogo. Miezi minane ni mingi, na atakujibu kwa hilo. Ila tazama alichokuficha. Hukumkuta kilabuni, hukumkuta kwa mwanamke. Ulimkuta na taulo begani akitafutia watoto wako chakula. Mtu huyo aliona haya gani hata akashindwa kukuambia? Nani alikuwa anatangaza kanisani kwamba mumewe si kama waume wa wenzake? Sisemi ni wewe peke yako uliyemfikisha hapo. Mji mzima umechanganyikiwa siku hizi, mtu akitoka ofisini anadhani amekufa. Lakini wewe ndiye unayelala naye kitanda kimoja, kwa hiyo ninaanza na wewe.

Na hili ulilipita haraka mno. Aliposimama mbele yako na birika, ukamwita kaka, neno moja tu lingetosha kukuumbua mbele ya walimu wenzako wote. Hakulisema. Alikusitiri, halafu akakusikia ukicheka.

Unaniuliza kama baba yako abadilishe hoteli. Mwalimu! Umwondolee mumeo na kazi hii ya pili? Acha masufuria ya Mudathiri yaende Mwaya.

Fanya hivi. Usimvizie kazini kwake. Usimtumie Yunis wala mchungaji. Usimwambie baba yako lolote kabla yake. Jumapili hii mkitoka kanisani waache watoto watangulie, na usianze na habari za ghala na mlinzi, maana hapo utakuwa umefungua mahakama. Anza na lako. Mwambie, "Siku ile hotelini nilikuona, nikakukana, nikacheka. Nisamehe." Kisha nyamaza. Ninajua walimu hamwezi kunyamaza, lakini jitahidi. Akikasirika mwache akasirike. Akimaliza, ndipo umwambie na yeye amekuumiza wapi, na umwambie hutaki tena kupiga pasi shati la uongo.

Kwa baba yako aende mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya harusi. Siku hiyo akikaa mezani au akipita na wahudumu wenzake, ni uamuzi wake na kazi yake. Wewe kaa upande wake popote atakapokuwa, na Nancy akikuuliza tena habari za shemeji yake, mjibu kwa jina na kwa sauti ileile uliyochekea.

Jumapili hii, mwalimu. Si ile inayofuata.

Haya ndiyo aliyoniandikia baada ya mwezi mmoja:

Bi Fatu, ndaga fijo, ahsante sana. Nilifanya ulivyosema. Tulikuwa kwenye njia ya mashamba ya kakao, nikamwambia maneno yale uliyonipa. Israeli alisimama. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ulicheka kwa nini?" Nikasema niliogopa. Akasema, "Na mimi niliogopa. Nilikuogopa wewe." Sikujua kwamba mtu ananiogopa mimi. Siku mbili hakusema nami.

Siku ya tatu nilimwambia na la kwangu, kwamba miezi minane amenifanya mjinga. Hakubisha. Alhamisi akaenda Mwaya peke yake. Mdogo wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Baba hakumkaribisha kiti. Alisema, "Mkwe wangu anabeba beseni la kunawia watu?" Israeli akajibu, "Ndiyo, tata, baba yangu. Na ukitaka, siku ya harusi nitalibeba hapa kwako." Tusajigwe anasema watu waliokuwa wanapeta mpunga wakaacha kupeta. Kisha baba akauliza, "Mudathiri anajua wewe ni mkwe wangu?" Israeli akasema hajui. Baba akasema, "Basi utakaa mezani. Beseni litabebwa na mwingine." Wala hakumsindikiza.

Bwana Mudathiri alipoambiwa ndiye aliyeshtuka kuliko wote, alimwuliza Israeli, "Mkwe wa mzee Zebedayo anahudumu kwangu na mimi sijui?" Akampa ruhusa ya siku nzima na akataka kumpangia kazi ya stoo. Israeli akakataa, akasema meza amekwishazizoea.

Siku ya harusi Nancy alikuwa mgeni wangu. Alipomwona Israeli amevaa koti katikati ya wazee, alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Mwalimu, yule si mhudumu wa Mbugani? Amekaaje kule?" Watu wa meza yetu wote wakageuka. Nikasema, "Ndiye mume wangu. Anafanya kazi pale tangu mwaka jana. Siku ile alituhudumia, na mimi nilikudanganya." Nancy akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka, akaniuliza, "Na yale niliyosema?" Nikamwambia, "Alisikia yote." Aliinuka akaenda kupiga magoti kumwomba radhi mbele ya wazee, mpaka Israeli akamwambia, "Inuka, shemeji, utachafua nguo."

Mimi hakunitazama siku ile. Baba bado ananiuliza mkwe wake atapata lini kazi ya maana, na najua mume wangu hajanisamehe kabisa, kwa sababu tukila anaongea na watoto zaidi kuliko mimi. Lakini Jumatatu ya juma hili asubuhi, nikiwa ninatafuta chaki zangu, alisimama mlangoni akasema, "Mama Yunis, leo nitachelewa. Hotelini tuna wageni kutoka Karonga."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba mume wangu kuniambia anakokwenda.