Jogoo wa Kesi ya Nduguti

Mkumbo ndugu yangu,

Siku ile bomani Singida nilisema uongo juu yako, na nimeuficha mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Sasa kifua kimeziba, na siwezi kufa na uongo huo.

Tulikaa benchi moja misheni, kule Iramba. Mwalimu wetu Mmarekani alitufundisha kwamba jogoo ni “rooster”, na dume la bata mzinga ni “tom”. Ukacheka: “Basi Tomaso mpishi naye ni bata!” Tukatolewa nje wote wawili.

Kisha boma likataka mkalimani mmoja, nasi tukaenda wawili. Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, alikupa kesi ya jogoo aliyeibwa kule Nduguti uitafsiri. Ukasema “rooster”, wazi, bila woga. Kwao Waingereza jogoo ni “cock”, akakunja uso. “Hicho Kiingereza cha wapi?” Ukanigeukia: “Mwambie, ndugu yangu. Si tulifundishwa?”

Nikasema, “Hapana, Bwana. Amelibuni mwenyewe.”

Ukachukua kofia yako, ukatoka.

Mimi nikapata kazi, viatu, nyumba ya bati. Wewe ukaenda kukata mkonge Tanga, homa ikakumaliza huko. Hata kaburi lako hatulijui. Mkeo Nyanzala bado analima uwele peke yake. Akipita kwangu huniletea mayai. “Shikamoo, shemeji. Wewe ndiye uliyempenda Mkumbo kweli.” Ananiambia hivyo, Mkumbo! Mayai yale siwezi kuyala. Nikianza kusali naacha katikati, maana wa kunisamehe ni wewe, nawe umekwisha kufa.

Jumapili nitaomba nibebwe hadi kanisani. Nitamsomea Nyanzala barua hii mbele ya watu wote, pumzi ikiniruhusu. Nakuahidi. Pumzika huko uliko, ndugu yangu. Sikuombi unipokee.

Ila uongo ule si yote niliyokutenda. Mwezi uliofuata Bwana Shauri alilala misheni, akalisikia neno lako vinywani mwa Wamarekani wenyewe. Aliporudi akaniambia, “Mwandikie mwenzako aje. Kazi ni yake.” Ulikuwa bado kwenu, hujaondoka kwenda Tanga. Niliiandika barua mbele yake, akaitia sahihi. Nikaenda nayo nyumbani, nikaichoma.