Mbao za Baba Yako

Mwanangu,

Huku sisi wazima. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, na goti langu limeacha kunisumbua.

Dada yako ananiambia umekasirika, eti tumemzika baba yako kwenye jeneza la mbao kuukuu, kama mtu asiye na watoto. Basi kaa chini usome.

Ule msitu wa mlimani, kijiji kizima tulikubaliana usikatwe hata mti mmoja kwa miaka kumi, ili chemchemi irudi. Aliyetushawishi ni baba yako. Hali yake ilipokuwa mbaya, baba yako mdogo alishika msumeno apande mlimani kutafuta mbao za jeneza. Mgonjwa alimsikia. Akaniambia, "Mrudishe huyo. Ng'oeni mlango wa mbele na wa uani. Nimeshajipima, inanitosha."

Tulicheka wote wawili, mwanangu, mpaka akapaliwa.

Seremala aliipiga randa ikang'aa. Tundu la kitasa nilimkataza asilizibe. Na waliokuja kutuzikia walikunywa maji ya chemchemi ile ile uliyoiacha kavu ulipoondoka. Nionyeshe tajiri gani huko mjini kwenu aliyezikwa kwa heshima hiyo!

Ukipata likizo, njoo. Ukifika usihangaike kubisha hodi, milango ameondoka nayo baba yako. Wewe pita tu ndani.

Ni mimi,
Mama yako